Mema Kulia, Mabaya Kushoto

Bi Mwanaisha,

Shikamoo.

Nimeisema kwa sauti, peke yangu chumbani kwetu kazini, saa ya chakula, wenzangu wote wameshuka kwa mama wa viazi karai. Nikangoja ile marahaba yako ndefu inayoanzia puani. Nimengoja kama mjinga. Haya, basi nitajijibu mwenyewe, maana najua ungesema nini: marahaba, Kadzo wa Ganze, umekula ama leo pia wafunga saumu ya uvivu?

Sijala. Tangu uondoke sili vizuri, na usinicheke.

Arobaini yako imepita. Nilikuja Malindi, nikajifunga leso kichwani kama ulivyonifundisha siku ya harusi ya binti yako Rukia, nikakaa mkekani na wanawake wa mtaani kwenu. Wakanipa chai ya tangawizi na kaimati, wakaniuliza mimi ni nani kwako. Nikasema nilifanya kazi naye kule Kilifi. Mmoja akapiga makofi: ah, ndiwe Kadzo! Alikuwa akikutaja kila akija! Nikainama, nikajifanya chai imeniunguza ulimi. Wale mama hawajui nilikufanyia nini, Bi Mwanaisha. Wewe wajua. Kukaa pale nikipewa pole kama mwanao, nikipanguswa machozi na leso za watu, kulinichoma kuliko ile chai.

Ndipo nikasema nitakuandikia. Nina radhi ya kukuomba, na nina habari ya kukupa, na ukizitazama vizuri zote mbili ni kitu kimoja. Nivumilie. Wajua mimi nikianza sina breki.

Nianze na ile siku. Nakumbuka hata blauzi niliyovaa. Meneja mpya, Bwana Ndoro, alikuwa na wiki moja kazini, akaingia chumba chetu cha takwimu kutusalimia. Akasimama mbele ya ubao wako ukutani. Ule wa mbao ya mnazi, na mstari wa chaki uliosimama katikati, na vipande vyako vya ukili, ile mikanda ya miyaa iliyosukwa ya kushonea mikeka, vimepigwa misumari midogo huku na huku. Akauliza, hii ni nini?

Ungeweza kumweleza kwa maneno kumi. Mimi ulinieleza siku yangu ya kwanza, miaka mitatu nyuma, na mpaka leo naweza kuyasema nikiwa usingizini. Mama yako alikuwa akishona mikeka, nawe ulilala kwenye marundo ya miyaa tangu uchanga. Ulipopewa kazi ya kuhesabu mambo ya vituo vyetu vitano vya maji kule Ganze, ukaona tarakimu hazikuingii kichwani mpaka uzishike mkononi. Basi kila mwezi ukasuka ukili, ukaukata kwa vipimo. Maji yaliyotoka, saa ambazo kituo kilikuwa wazi, siku za pampu kuharibika, muda wa kusimama foleni, malalamiko. Kila kipimo safu yake. Kila kituo kipande chake, na mpangilio wa vituo haubadiliki kutoka safu hadi safu. Vyote vinaanzia kwenye mstari wa chaki. Mema yanakwenda kulia, mabaya yanakwenda kushoto. Na kituo kimoja tu ndicho kilichotiwa rangi ya zambarau, kile unachotaka watu wakitazame mwezi huo. Nilikuuliza mbona usitie vyote rangi, vikapendeza. Ukaniambia, "Wote wakipiga kelele, mwenye kuugua atasikiwa na nani?"

Yule mama anayetupigia deki, ambaye hata jina lake hulitia kwa kidole gumba, alikuwa akiingia na ndoo yake, anatupa jicho moja ukutani, anasema, "Kwa Karisa wanateseka tena." Na kweli, kwenye kituo hicho wanateseka.

Hayo ndiyo ungemwambia Bwana Ndoro. Lakini mimi, mtoto wa chuo kikuu, mwenye cheti cha takwimu kilichopigwa fremu nyumbani, niliona haya. Nilimwona yule bwana na laptopu yake nyembamba nikaona haya kwa ajili ya ukuta wetu. Nikajichekesha. Nikasema, "Usijali bosi, hapa tunauza maji na mikeka."

Akacheka. Nawe ukacheka, Bi Mwanaisha. Ila ulichelewa kidogo.

Jumatatu nilipoingia, ubao ulikuwa mtupu. Misumari tu. Vipande vyote ulivitia kapuni ukaenda navyo nyumbani. Nikakuuliza, ukanijibu, "Ukuta ulikuwa umechoka," ukaendelea kuchovya mahamri kwenye chai. Na mimi nilijua. Usidhani sikujua. Nilijua, nikanyamaza, nikajiambia nitakuomba msamaha siku nzuri ikipatikana. Kisha sukari yako ikapanda, ukalazwa. Nikaja kukuona na machungwa, nikakaa saa nzima nikizungumza mambo ya mvua. Mvua! Nilikuwa na neno moja la kukwambia nikalimeza pamoja na mate. Wiki iliyofuata Rukia akanipigia simu, na sauti yake tu ilinitosha.

Majuto ni mjukuu, wasema watu. Mimi naona majuto ni jirani, kila asubuhi nikifungua mlango yupo.

Sasa habari.

Ulipoondoka, Bwana Ndoro alitaka dashibodi. Skrini kubwa kwenye korido, mgeni akiingia aone vituo vyote vitano kwa mpigo, vipimo vyote kwa picha moja. Akanipa mimi. Wallahi ungenicheka, maana nilijifungia siku nne kama bi harusi. Nikatengeneza zile saa za mshale kama za mwendo wa gari, tano kwa tano, mpaka skrini ikafanana na duka la fundi saa. Nikazifuta. Nikatengeneza zile duara ulizokuwa ukiziita chapati, eti kila mtu aonyeshwa kipande na hakuna ajuaye kipi kikubwa. Nikazifuta pia. Kisha nikapata ile iliyonifurahisha: utando wa buibui.

Wewe hukuwahi kuuona, basi nikueleze. Chora miguu mitano inayotoka katikati. Kila mguu ni kipimo kimoja: maji, saa, kuharibika, foleni, malalamiko. Katikati ni sifuri, ncha ya mguu ndiyo kingi kabisa. Unatia tone kwenye kila mguu, unayaunganisha matone, na kituo kinapata umbo lake kwa rangi yake. Vituo vitano, maumbo matano, yamelaliana kama leso zilizotandazwa. Looo, ilipendeza! Niliitazama nikajisifu mwenyewe. Nilifikiri, laiti Bi Mwanaisha angeona. Ndiyo, nilifikiri hivyo, na ninaandika hapa ili aibu yangu iwe kamili.

Kwa Karisa likatoka umbo kubwa limejaza utando. Kwa Mbodze, kile kituo cha ndani kabisa, kikatoka kama punje ya karanga pale katikati. Bwana Ndoro akasimama mbele ya skrini, mikono nyuma. Akasema, "Hiki kimekufa. Pampu yake tuipeleke Kwa Karisa ambako kuna uhai." Na mimi nikasema ndiyo bosi. Sikuona kitu, Bi Mwanaisha. Niliichora mimi mwenyewe, na sikuona.

Simlaumu yule bwana. Si mtu mbaya. Alisoma nilichomwandikia.

Ikapangwa kwamba bodi ya kampuni itakutana kwenye hoteli moja ya Bofa baada ya wiki mbili ipige muhuri. Mimi nikatumwa Kwa Mbodze kunakili namba za pampu na kumpa habari mwenye kituo.

Wamjua Mama Sidi. Yule mwembamba, sauti kama filimbi. Nilimkuta ameketi kwenye mtungi uliopinduliwa, anachambua kunde. Hakuna foleni. Akaja bibi mmoja na dumu lake, akajaza, akajitwika, akaondoka zake, hata jasho hakufuta. Nikamwambia Mama Sidi kwamba kituo kitafungwa. Hakupiga kelele. Kwanza alimaliza kunde zilizokuwa mkononi. Kisha akaniuliza, "Tumekosa nini?"

Nikamwambia vipimo vyao viko chini. Vyote viko chini. Nikamwomba daftari la pampu, lile la kuandika kila inapoharibika. Akaingia ndani akalileta limefungwa kwenye karatasi ya nailoni, safi, pembe hazijakunjika. Nikalifungua. Ukurasa mtupu. Nikafunua mwingine, mtupu. Nikamkaripia, Bi Mwanaisha, nisamehe, nilimkaripia mtu mzima: mbona hujajaza daftari la kampuni?

Akanitazama kama mtu anavyomtazama kichaa asiye na hatari. "Nijaze nini, na haijaharibika?"

Nikabaki nimelishika lile daftari. Niliona ule utando wangu wote palepale, juu ya ule ukurasa usio na kitu. Maji yao ni machache, na saa zao za kuwa wazi ni chache, kwa sababu ni kijiji kidogo, hilo kweli ni dogo. Lakini kuharibika kwao ni kudogo. Foleni yao ni ndogo. Malalamiko yao ni madogo. Na mimi nikauchukua udogo wote huo, wa kheri na wa shari, nikauvuta katikati pamoja, nikauita kifo. Kwa Karisa likawa kubwa kwa sababu pampu inakufa kila mara, watu wanasimama juani mpaka wanagombana, na malalamiko hayana mwisho. Nikauchora ugonjwa ukaonekana unene.

Mema kulia, mabaya kushoto. Kitu ulichonifundisha siku ya kwanza, kabla hata hujanionyesha choo kiko wapi!

Mama Sidi aliniona nimebadilika rangi akanisogezea ule mtungi nikae. Akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akasema, "Basi we si mwana wa huku huku? Nyanyako alikuwa akiteka maji wapi?" Hawe wangu, yule nyanya aliyenilea, alitoka nyumbani kukiwa na umande akarudi jua limesimama kichwani, kila siku, mpaka shingo yake ikazama mabegani. Mimi nilisoma kwa sababu alinikataza kumfuata kisimani. Alisema mtu mmoja atosha kupotea njia ya maji. Na kutoka Kwa Mbodze mpaka kituo kinachofuata ni mwendo kama ule ule. Nilikuwa naenda kuwarudisha wanawake wa watu kwenye njia ya hawe wangu, kwa sababu ya picha iliyonipendeza.

Nilirudi Kilifi nikajaribu kuitengeneza. Na hapo ndipo nilipokusikia vizuri zaidi kuliko ulipokuwa hai na kiti chako kimegusana na changu. Nilikusikia ukisema, "Mchele na chumvi havipimwi kwa kibaba kimoja, kisha mtu akasema chumvi ni kidogo." Nikaacha kurundika vipimo vyote kwenye picha moja. Nikakipa kila kimoja safu yake, pau za kawaida zinazolala, zote zianzie mstari mmoja, vituo kwa mpangilio ule ule ili jicho lishuke bila kujikwaa. Nikaondoa rangi zote nikabakiza moja. Na nikakusikia ukiniuliza lile lililokuwa likiniudhi kuliko yote, kila nilipokuletea grafu mpya: "Hili ni jibu zuri, mwanangu. Swali lake li wapi?"

Sikuwa na swali. Huo ndio ukweli. Siku nne nilizojifungia, sikujiuliza hata mara moja mtu atakayesimama pale koridoni anataka kujua nini. Niliuliza tu ipi inapendeza. Swali la bodi lilikuwa moja na lilikuwa jepesi: kituo gani kinahitaji msaada? Ukianza na hilo, utando haukuingii hata kwa bahati mbaya.

Nikampelekea Bwana Ndoro picha mpya. Hakuitazama hadi mwisho. Akasema ripoti imeshatumwa kwa wajumbe wote, usinibadilishie picha wiki ya mkutano, utatufanya tuonekane watoto. Nikatoka. Nikasimama kwenye korido nikiutazama ule utando unawakawaka. Kisha nikaung'oa ule ubao wako mtupu, nikaenda nao stendi, nikapanda gari la Malindi.

Rukia alinifungulia mlango akanikumbatia kabla sijasema neno. Nikamwomba kapu lako. Hakuuliza la nini. Akaenda chumbani kwako akalileta, lile la miyaa lenye mkanda mwekundu, lingali na harufu ya karafuu na ya mkono wako. Nikaketi barazani nikalia kwanza, nisikufiche. Kisha nikamweleza Rukia yote, pamoja na lile neno la mikeka. Akasema, "Mama aliniambia. Alisema kijana akiona haya ya kwao, hiyo ni homa, hupita." Halafu akaingia ndani kutafuta mkasi.

Tukakata pamoja. Upana wa kidole kwa kila siku ya kuharibika. Mimi nasoma hesabu za vituo, yeye anapima. Sikukata kwa hila, Bi Mwanaisha, nakuapia. Kipande cha maji cha Kwa Mbodze nilikiacha kifupi kama kilivyo. Nikaongeza safu moja ambayo kwenye utando haikuwepo kabisa: mwendo wa miguu mpaka maji yanayofuata, kama kituo kikifungwa. Hiyo nikaiweka kushoto. Kipande cha Kwa Mbodze kilikuwa kirefu mpaka kikatoka nje ya ubao, ikabidi tukiache kining'inie.

Siku ya mkutano niliingia kwenye ile hoteli ya Bofa na ubao umefungwa kwa leso, askari wa getini akidhani nimeleta meza ya kuuza. Ndani baridi ya mashine, chupa ya maji mbele ya kila mjumbe, na utando wangu umejaa ukutani. Bwana Ndoro akaeleza. Akaeleza vizuri, nampa haki yake. Alipofika pa kufunga Kwa Mbodze nilisimama. Nikasema, "Picha hii niliichora mimi, na inadanganya. Haikukusudia, lakini inadanganya."

Bwana Ndoro alinitazama jicho la kuniua. Nikaufungua ubao nikauegemeza kwenye jagi.

Mzee mmoja wa bodi, ambaye mpaka hapo alikuwa akisinzia na fimbo yake, akasogea. Hakuniuliza ukili ni nini, mtu wa pwani huyo. Akapitisha kidole kwenye kile cha zambarau, safu baada ya safu, kama mtu apapasaye mshono wa mkeka dukani. Akasema, "Hiki mbona hakina kitu kushoto, ila hicho kinachoning'inia?" Nikamwambia ndicho mnachotaka kukifunga. Akashika kirefu cha Kwa Karisa. "Na hiki kinachojaa kushoto?" Nikamwambia ndiko mnakotaka kupeleka pampu, na mkiipeleka bila fundi itakufa kama zilizotangulia. Mwisho akakishika kile kinachoning'inia nje ya ubao, akakipima kwa shibiri zake polepole. Nikamwambia huo ndio mwendo. Akakaa chini. Akasema, "Izimeni hiyo ya ukutani, yaniumiza macho."

Kwa Mbodze hakifungwi. Si ushindi mkubwa, nisikudanganye. Wamesema watakitazama tena baada ya mvua za masika, na Kwa Karisa fundi amepelekwa, siyo pampu. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kumwaibisha meneja mbele ya bodi. Iko kwenye faili langu, na naistahili, ingawa si kwa sababu walizoandika. Siku tatu Bwana Ndoro hakunisemesha. Siku ya nne akachungulia mlangoni akauliza, "Ile misumari ya ubao wenu iko wapi?" Ubao sasa uko koridoni, chini ya skrini. Skrini nayo ina safu zako, pau nyepesi, rangi moja. Yule mama wa deki alipita jana akasema, "Angalau sasa tunaona."

Nilifikiri habari imeishia hapo. Lakini nilipolimwaga lile kapu ili nilirudishe kwa Rukia likiwa safi, chini kabisa likatoka fungu dogo limefungwa kwa uzi mweusi. Vipande vya ukili, vingi, vimetungwa kwa mpangilio kama shanga. Havina karatasi ya maelezo. Wewe, ambaye ulikuwa ukinirudishia kazi nikisahau kichwa cha habari! Nikampigia simu Rukia. Akacheka kidogo. Akasema, "Hivyo ni vyako. Ni maswali yako. Kila Ijumaa alikuwa akikata kimoja, kwa idadi ya maswali uliyomuuliza wiki ile."

Nikavipanga mezani, vyote vianzie ukingo mmoja. Vya kwanza ni virefu kama mkono wangu wote. Mungu wangu, nilikuwa nikikusumbua hivyo? Kisha vinapungua. Mwaka wa pili ni shibiri. Mwaka wa tatu ni kidole. Na baada ya Bwana Ndoro kufika, baada ya lile neno langu, hakuna ukili tena, ni mafundo ya uzi tu, fundo kwa kila Ijumaa, mpaka ya mwisho. Hata wiki ya hospitali umefunga fundo. Ile wiki ya machungwa.

Nilidhani umenihukumu. Nilikaa nikalia, nikaona ni kama umeandika: alikuja, akachota, akaniacha. Kisha nikasema, ngoja Kadzo, umesahau tena. Huwezi kusoma udogo kabla hujajua ni wa upande gani. Mwanafunzi akiacha kuuliza, pengine amejua, na mwalimu anafurahi. Pengine amejivuna, na mwalimu anaumia. Vipande vile vile, urefu ule ule. Nikamuuliza Rukia ulikuwa ukivikata kwa uso gani. Akasema ulikuwa ukivitazama, unatabasamu, unavirudisha kapuni, na hukusema kitu.

Kwa hiyo nisamehe, Bi Mwanaisha. Kwa lile neno la mikeka. Kwa machungwa na mvua. Kwa daftari tupu nililomkaripia mtu. Mola wako akupe pahali pa baridi, penye kivuli na maji ya karibu, yasiyo na foleni. Ahadi yangu ni hii: sitachora picha tena kabla ya kuandika swali lake juu ya karatasi. Na kila Ijumaa nitakuja hapa kwenye kiti chako nikuulize, hata kama ni jambo dogo. Rukia ananifundisha kusuka. Ukili wangu ni mbaya, umepinda kama njia ya mbuzi, lakini nimekata kipande kimoja cha leo, upana wa kidole, nikakifunga baada ya fundo lako la mwisho. Swali ni moja tu.

Yale maswali yangu yaliyopungua, wewe ulikuwa ukiyaweka kulia ama kushoto?

Mwanafunzi wako,
Kadzo